Bibi Mary Leakey na Daftari la Michoro ya Kondoa

Katika toleo hili napenda kuwasimulieni maisha ya mtu mmoja mashuhuri ambaye sasa hayupo duniani. Huenda wengine mlitazamia kwamba mwalimu wa historia atachagua habari za mfalme au jemadari wa vita. Mimi nimemchagua mwanamke ambaye sehemu kubwa ya maisha yake aliipitisha akiwa amepiga magoti juu ya udongo, au amesimama juu ya ngazi mbele ya mwamba, penseli mkononi. Jina lake ni Mary Leakey.

Wanafunzi wengi humjua kwa fuvu la kale la Olduvai, kwa kuwa hilo hutajwa katika vitabu vyetu. Lakini iko kazi yake nyingine ambayo haitajwi sana, nayo ni kunakili michoro ya miambani huko Kondoa. Nimeona vema kuieleza kazi hiyo hasa, kwa sababu muhula ujao Chama cha Historia cha shule yetu kitakwenda kuzuru Mapango ya Amboni na magofu ya Tongoni. Atakayesoma maisha ya bibi huyu atajua jinsi ya kuingia mahali pa kale, na jinsi ya kutoka bila ya kupaharibu.

Utoto wake

Mary Douglas Nicol alizaliwa mjini London tarehe 6 Februari, 1913. Baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji wa picha za mandhari, na riziki ya nyumba ilitoka katika brashi yake. Alikuwa akisafiri nchi za ng'ambo, hasa Ufaransa, akichora huko, kisha akirudi Uingereza kuziuza picha zake. Mkewe na binti yao walifuatana naye. Kwa hiyo Mary alijua kushika penseli mapema sana, lakini hakupata kukaa shuleni kwa utulivu.

Kusini-magharibi mwa Ufaransa yako mapango mengi ambamo watu wa zama za mawe walichora farasi, ng'ombe-mwitu na alama za mikono yao. Mwaka 1922 vijana wawili wa kijiji cha Cabrerets, mmoja wao mwenye umri wa miaka 16, walijipenyeza katika tundu jembamba la ardhi wakagundua pango lenye picha za ajabu, liitwalo Pech Merle. Miaka michache baadaye familia ya Nicol ilikaa kijijini hapo. Padre wa kijiji, aliyeitwa Lemozi, alikuwa mjuzi wa mambo ya kale, naye akamwongoza msichana yule ndani ya pango. Mary alisimama mbele ya picha zilizochorwa na watu ambao hata majina ya makabila yao hayajulikani tena. Tangu siku zile hamu yake ikashikamana na mambo ya kale, haikumwacha mpaka uzee.

Mwaka 1926 baba yake alifariki dunia, na Mary alikuwa na miaka 13 tu. Mama yake akarudi naye Uingereza, akamtia katika shule za masista. Hapo lazima niseme kweli, ijapokuwa walimu wenzangu huenda wasifurahi: alifukuzwa shule mara mbili, na mara ya pili ilikuwa kwa kusababisha mlipuko katika chumba cha kemia. Siwaambii mfuate mfano huo! Alipata hasara yake, kwani hakuwa na cheti cha mtihani hata kimoja, na mlango wa Chuo Kikuu ukafungwa mbele yake.

Hata hivyo hakukata tamaa. Alikwenda kusikiliza mihadhara ya mambo ya kale mjini London, akajitolea kufanya kazi katika machimbo ya wataalamu, na huko akajifunza kuchimba polepole na kuandika kila kitu kilichoonekana. Tena alikuwa na ule ustadi wa baba yake. Alichora vyombo vya mawe kwa usahihi mkubwa, hata mtaalamu mmoja wa kike, Gertrude Caton-Thompson, akamtaka amchoree picha za kitabu chake kuhusu Misri. Kwa njia hiyo, mwaka 1933, alijulishwa kwa Louis Leakey, mwana wa wamisionari aliyezaliwa Kabete, Kenya, ambaye naye alitaka mchoraji wa kitabu. Walioana mwezi wa Desemba, 1936.

Kuja Tanganyika

Mary alifika Tanganyika kwa mara ya kwanza mwaka 1935. Alikwenda Olduvai pamoja na Louis, na katika safari hiyo hiyo wakafika nchi ya Warangi, wilaya ya Kondoa, kutazama michoro waliyokuwa wameisikia.

Kwa msomaji ambaye hajafika huko, nieleze kidogo. Kondoa iko kaskazini ya Dodoma, katika njia kuu ya kwenda Babati na Arusha. Mashariki ya njia hiyo ardhi inapanda na kushuka kwa ngazi za miamba, kando ya Bonde la Ufa. Mahali pengi mwamba umejitokeza mbele kama upenu wa nyumba, na chini yake mtu aweza kujikinga na mvua na jua. Juu ya kuta za penu hizo watu wa kale walichora kwa ngeu, yaani udongo mwekundu: twiga, tembo, pofu na swala, na watu warefu wembamba wenye nywele zilizotengenezwa kwa namna nyingi. Juu ya michoro hiyo myekundu ipo mingine ya rangi nyeupe, mizito zaidi, ambayo ilichorwa baadaye. Wataalamu wengi hudhani kwamba ile myekundu ya zamani ni kazi ya wawindaji, jamaa za Wasandawe na Wahadzabe wa leo.

Mary alitamani kubaki, lakini kazi nyingine zilimwita, kisha vikaja vita vikuu vya pili na malezi ya watoto. Mwaka 1948, katika kisiwa cha Rusinga cha Ziwa Viktoria, aliokota fuvu la mnyama wa kale wa jamii ya nyani, na jina lake likaanza kujulikana duniani. Miaka 16 ilipita kabla ya kuirudia michoro ya Kondoa kwa kazi kamili.

Kazi ya Kondoa

Mwaka 1951 ndipo alipoweka kambi huko, yeye na mumewe na wasaidizi wao, kwa muda wa miezi mitatu. Walitembea kwa miguu kutoka mwamba hadi mwamba, wakiongozwa na wenyeji waliojua vichaka vyao. Waliorodhesha mahali 186 penye michoro. Mahali pengi palikuwa pamefifia mno, hata hapakufaa kunakiliwa. Katika pale palipofaa, Mary alinakili picha zipatazo 1,600.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Aliweka mbele ya mwamba karatasi inayopitisha nuru, akafuata kila mstari wa mchoro bila kuongeza wala kupunguza. Penye picha tatu zilizopandana alijitahidi kutambua ipi ilitangulia na ipi ilifuata. Kisha alizichora upya kwa kipimo kidogo, akizipaka rangi zilizofanana na zile za mwamba. Mahali mwamba ulipobanduka, aliacha pengo. Hakujaza kwa kubuni. Jambo hili nawaomba wanafunzi wangu walishike sana. Mwandishi wa historia asiyejua kuacha pengo ni mtunga hadithi.

Ipo picha moja mashuhuri huko Kolo, ambamo watu kadhaa wanaonekana kumshika mwenzao wa katikati, wengine wakimvuta huku na wengine huku. Mary aliona kwamba huenda ni mwanamke anayetekwa. Wengine baada yake wameona kuwa ni ngoma ya uganga. Hatuwezi kumwuliza mchoraji. Lakini sote tunaweza kubishana juu ya picha ile kwa sababu moja tu: ilinakiliwa sawasawa, mstari kwa mstari, na mtu ambaye hakutaka maoni yake yaingie katika penseli yake.

Miezi ile aliihesabu kuwa miongoni mwa siku njema za maisha yake. Na mwaka 1983 ndipo alipotoa kitabu kikubwa chenye nakala hizo, ambacho jina lake latangaza kwamba sanaa hii ya Afrika inatoweka.

Mbona inatoweka? Jua na mvua vina sehemu yao, na mchwa na nyigu hujenga juu ya mwamba. Mbuzi hujisugua ukutani, na moshi wa moto wa wachungaji huacha masizi. Lakini madhara mengine huletwa na wageni waliokuja kwa mapenzi. Mtu hufika kutoka mbali na kamera yake, aona picha imefifia, basi humwagia maji ili rangi ikolee. Kweli hukolea kwa dakika chache. Kisha maji hukauka, chumvi ya mwambani hutoka nje na kuacha utando mweupe, na atakayekuja baada yake ataona kidogo kuliko yeye. Mwingine hukwaruza jina lake na tarehe. Tena wako waliochimba chini ya miamba usiku, kwa kuamini kwamba Wajerumani walificha dhahabu zao huko wakati wa vita vya kwanza.

Mambo haya si ya Afrika peke yake. Kule Ufaransa, mwaka 1940, vijana wanne waligundua pango la Lascaux, lenye picha bora kabisa. Baada ya vita lilifunguliwa kwa watalii, nao wakamiminika kwa mamia kila siku. Hakuna aliyegusa kitu kwa ubaya. Pumzi zao tu, joto la miili yao na mwanga wa taa vilitosha kuotesha ukoga wa kijani juu ya kuta zilizodumu kwa maelfu ya miaka. Mwaka 1963 Serikali ya Ufaransa ikalifunga pango hilo, na mwaka 1983 ikafungua karibu yake nakala iliyojengwa kwa ustadi, ili wageni waione hiyo. Twaona basi kwamba nakala nzuri yaweza kuiokoa asili yake.

Olduvai na Laetoli

Sitasahau kueleza yale yaliyomfanya ajulikane zaidi. Asubuhi ya tarehe 17 Julai, 1959, Louis alikuwa mgonjwa kambini Olduvai. Mary alitoka na mbwa wake kukagua mteremko mmoja, akaona mfupa umejitokeza udongoni. Lilikuwa fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya watu, lililovunjika vipande mamia, naye akaviunganisha. Umri wake ni kama miaka milioni 1 na robo tatu.

Louis alifariki mwaka 1972, na Mary akaendelea na kazi peke yake. Mwaka 1978, huko Laetoli, kusini ya Olduvai, yeye na wenzake walipata nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, zaidi ya miaka milioni 3 na nusu iliyopita. Nyayo hizo ziliendelea kwa mita zipatazo 27.

Sasa angalieni alivyofanya. Alikuwa ameshika mkononi jambo ambalo dunia nzima ilitaka kuliona. Angaliweza kujenga uzio na kukusanya viingilio. Lakini alijua kwamba majivu yale yaliyoganda ni laini, na kwamba mvua na miguu ya wanyama na ya watu vingeyamaliza upesi. Basi nyayo zilipimwa, zikapigwa picha, zikatolewa nakala kwa kumiminiwa vitu vinavyoganda, kisha zikafunikwa tena kwa mchanga na mawe. Hata hivyo mbegu za migunga ziliota katika kifusi kile na mizizi ikatishia kuzipasua nyayo. Ikabidi katika miaka ya 1995 na 1996 wataalamu wa Serikali ya Tanzania pamoja na wenzao wa Marekani wazifunue, waitoe mizizi, na kuzifukia upya kwa njia iliyo bora. Ulinzi wa mambo ya kale haufanywi mara moja ukaisha.

Bibi Leakey aliondoka Olduvai mwaka 1983, akahamia Nairobi, akiwa tayari amepoteza nuru ya jicho moja. Vyuo vikuu mbalimbali, na Oxford kikiwamo, vilimpa digrii za heshima, yeye ambaye hakupata kufaulu mtihani wa shule. Alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba, 1996, akiwa na miaka 83. Miaka 10 baada ya kifo chake, yaani mwaka 2006, shirika la UNESCO liliingiza miamba ya Kondoa katika orodha ya Urithi wa Dunia, eneo la kilometa za mraba 2,336.

Kuingizwa katika orodha hakukumaliza matatizo. Eneo ni kubwa, walinzi ni wachache. Zamani baadhi ya miamba ilizungushiwa nyavu za chuma, lakini nyavu ziling'olewa zikaenda kutumika majumbani. Na liko jambo zito zaidi. Wenyeji hufika katika baadhi ya penu hizo, hasa ile ya Mungomi wa Kolo, kuomba mvua na uponyaji, nao hunyunyiza pombe ya mtama. Mhifadhi huona pombe inaharibu rangi. Mzee wa Kirangi huona mahali pa ibada pamegeuzwa kuwa pa kupigia picha. Mimi sioni kwamba mmoja wao ni mjinga. Naona kwamba bila yule mzee mwamba utabaki bila mlinzi anayeishi karibu nao, na bila yule mhifadhi mjukuu wa mzee hataikuta michoro. Wakae chini wazungumze, na mtalii angojee mpaka wamalize.

Yatuhusuyo watu wa Tanga

Huenda mzazi mmoja atasema, Kondoa ni mbali, sisi tuko pwani. Basi tuangalie ya kwetu. Mapango ya Amboni yako kiasi cha kilometa 8 tu kaskazini ya mji wa Tanga. Maji yaliyachimba katika mawe ya chokaa kwa muda mrefu usiohesabika. Humo hamna michoro ya ngeu kama ya Kondoa, lakini mna kuta za ajabu, mna popo, na mna mahali ambapo watu hufika mpaka leo kutambika na kuomba. Nilipoingia kwa taa nilisoma ukutani majina mengi ya watu na miaka yao, mengine kwa mkaa, mengine yamechorwa kwa ncha ya kisu. Sikupata hata jina moja lililonifundisha lolote juu ya mwenye nalo, ila kwamba alikuwa na kisu.

Kusini ya mji, kando ya bahari, yako magofu ya Tongoni, yenye msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40, mengine yakiwa na nguzo ndefu. Nguzo hizo zilipambwa kwa mabakuli ya kigeni yaliyokuja kwa jahazi. Leo tunaona matundu ya mviringo yalipokuwa, mabakuli yamekwisha kubanduliwa. Kama angalikuwapo Mary Leakey mmoja aliyeyachora kabla hayajabanduliwa, leo tungalijua kila bakuli lilikuwa na ua gani, na limetoka nchi gani. Wazee wetu wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo ilivyokuwa kwa mabakuli yale.

Katika mkutano wa wazazi wa muhula huu liliulizwa swali, nami nililiona kuwa la haki: kuna faida gani kumlipia mtoto nauli aende kutazama mawe, wakati ada na vitabu ni taabu? Jibu langu ni hili. Kama atakwenda kutazama tu, apige picha na kula mkate, afadhali abaki nyumbani. Lakini kama atakwenda na karatasi, rula na penseli, akarudi na mchoro sahihi wa kaburi moja la Tongoni, vipimo vyake, nyufa zake na tarehe aliyoliona, basi ameanza daftari. Mvua ya masika ikiangusha nguzo ile, karatasi ya mtoto huyo itabaki kuwa shahidi. Nauli hiyo haikupotea.

Kwa hiyo nimewaandikia wanachama wa Chama cha Historia masharti manne ya safari. Kwanza, hakuna mtu atakayeandika lolote ukutani, wala kumwagia maji kitu chochote ili kionekane vizuri. Pili, hakuna atakayeokota kipande cha chungu au cha jiwe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu hivyo, na kipande kilichohamishwa hupoteza nusu ya habari zake. Tatu, tutakapomkuta mtu anaomba, tutangoja nje mpaka amalize, kwa kuwa sisi ni wageni wake. Nne, kila mwanafunzi atarudi na mchoro mmoja, na pale asipoona vizuri ataacha pengo.

Michoro itakayokuwa sahihi itawekwa katika maktaba ya shule, katika daftari moja kubwa lenye tarehe na majina ya waliochora. Hapo ndipo mahali pafaapo kuandika jina lako, mwanafunzi. Karatasi italihifadhi jina hilo kwa heshima, na ukuta wa Amboni utabaki mzima kwa ajili ya watakaokuja.